Farah na busu lililofutwa

Jumamosi, usiku

Nimemaliza tena Prince of Persia: The Sands of Time, gemu ya Ubisoft ya mwaka 2003, na usingizi umenipaa kwa ajili ya Farah.

Watu wakiizungumzia gemu hii husifia jambia linalorudisha wakati nyuma, au jinsi mwanamfalme anavyokimbia ukutani. Mimi moyo wangu uko kwa yule binti wa Maharaja wa India. Ni mateka. Jeshi la mfalme Sharaman limeivamia kasri ya kwao, nalo linampeleka kwa Sultani wa Azad awe zawadi pamoja na hazina nyingine. Aliyelichukua jambia la baba yake Farah ni mwana wa Sharaman, kijana huyohuyo atakayekuja kumpenda. Hadithi nyingi zingelisahau jambo hilo mara wawili wanapoanza kutaniana. Hii haisahau.

Mchanga wa Wakati, ule wa kichawi, unapofunguliwa na watu wa kasri ya Azad kugeuka mazimwi, Farah ananusurika kwa kidani alichovaa. Ana upinde wake na anamlenga amtakaye. Ukisimama vibaya mshale unakupata wewe mchezaji. Palipo na ufa ukutani anajipenyeza peke yake, akakufungulie mlango kwa upande wa pili. Nadhani mapenzi yao yalijengwa kwenye nyufa zile, kwa sababu kila anapotokomea, anaweza asirudi. Mwanamfalme anajua hivyo. Ndiyo maana anazungumza na nafsi yake, mara amwamini, mara amshuku kuwa anachotaka ni jambia tu.

Na kweli analichukua. Baada ya kumwambia siri ya utotoni, neno Kakolukia alilofundishwa na mama yake, na baada ya kuwa pamoja naye usiku ule, kijana anazinduka na kukuta Farah hayupo wala jambia halipo. Amemwachia kidani, ile kinga yake mwenyewe. Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Hakujifanya anapenda ili apate kuiba, na kupenda hakukumsahaulisha kwamba jambia ni la kwao. Yote mawili ni kweli, tena katika usiku mmoja. Baadaye, juu ya mnara, Farah ananing'inia akiwa ameshika mpini wa jambia, kijana ameshika makali na kiganja kinachuruzika damu. Farah anaachia mwenyewe, anaanguka na kufa.

Wakati unarudishwa hadi mwanzo. Mwanamfalme anamwendea chumbani na kumsimulia yote, na hapo tunatambua kwamba masimulizi tuliyokuwa tukiyasikia tangu mwanzo alikuwa akiambiwa yeye. Lakini kwa Farah huyu ni mgeni kabisa. Anamshukuru kwa kumshinda Waziri, yule msaliti wa Maharaja, kisha anamuuliza kwa nini amtungie hekaya kama mtoto mdogo. Kijana anambusu. Farah anajitoa kwa hasira. Naye anaurudisha wakati nyuma, busu likawa halikutokea.

Siwezi kuliona tendo lile kuwa la kimahaba, ingawa muziki unataka nilione hivyo. Ameheshimu katao lake, sawa, lakini pia amemnyang'anya. Farah alisema hapana kwa nguvu zake zote, na sasa hajui kama aliwahi kuisema. Anayejua ni mwanamume peke yake. Kinachomwokoa kijana machoni pangu ni kwamba muda mfupi baadaye anamkabidhi jambia. Uwezo wa kumfutia mambo anaurudisha mikononi mwake, na hapo hawezi tena kumsogelea kwa njia ya mkato.

Katika The Two Thrones, gemu ya baadaye ya mfululizo huu, ya mwaka 2005, wanakutana Babylon, na Farah hamkumbuki hata kidogo. Anamkemea kwa ukatili wake, anampima upya kwa anayoyatenda. Kumbukumbu za kijana hazimpunguzii kazi, na nimefurahi sana hazikumpunguzia. Ila bado naitamani gemu moja ambayo msimulizi ni Farah, mwanamfalme akae kimya asikilize.