Siku moja maishani mwangu: mimi na tope la mtambo wa maji

Nikimwambia mtu nafanya kazi mtambo wa maji, cha kwanza ataniuliza mbona kwao hayatoki tangu juzi. Cha pili, atadhani kazi yenyewe ni kufungulia koki asubuhi na kumwaga dawa. Hajawahi kutokea hata mmoja akaniuliza ule uchafu tunaoutoa kwenye maji unaenda wapi. Na mimi kazi yangu ndo hiyo, mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo naandika siku yangu moja tu, Alhamisi iliyopita, muone.

Nieleze kwanza kidogo. Bibi zetu walikuwa wakichota maji ya mto wanatia shabu kwenye mtungi, wanakoroga, wanaacha yalale, asubuhi juu kuna maji meupe na chini kuna tope. Mtambo mkubwa unafanya hivyo hivyo, shabu ile ile inaingia, maji yanakorogwa, uchafu unashikana madonge unazama kwenye tangi la kutuamisha, maji ya juu yanapita kwenye filta za mchanga, klorini, halafu yanakuja kwenu. Bibi tope lake alikuwa analimwaga nyuma ya nyumba limeisha. Letu ni la mji mzima, na juu yake kuna maji ya kuoshea filta, ambayo peke yake yanaweza kula asilimia 2 hadi 5 ya maji yote yanayozalishwa.

Mtambo wetu ni mzee, jina siutaji. Na hauko peke yake, Tanzania hii tunakunywa sana maji ya mitambo ya zamani, chukua ile ya mto Ruvu inayolisha Dar, Ruvu Juu ni ya 1959, Ruvu Chini ya 1976, na hiyo ya Chini ilishapanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku mpaka milioni 270. Watu wakisikia upanuzi wanafurahia maji, mimi akili yangu inaenda kwenye tope, maana maji ya mto ule ule yakiongezeka nusu na tope linaongezeka nusu. Kwetu waliojenga waliweka bomba nene moja kutoka chini ya matangi mpaka mferejini, mfereji mpaka mtoni, basi. Enzi hizo mto ulikuwa na maji mengi na watu wachache. Sasa hivi huko chini kuna bustani za mchicha, kuna watoto wanaoga, kuna mama mmoja mwaka jana alikuja mpaka getini na ndoo yake akaiweka chini mbele yangu, hakusema neno, nikaangalia ndani, lilikuwa tope letu. Sheria nayo ipo, ile ya rasilimali za maji ya 2009, humwagi kitu mtoni bila kibali na masharti yake. Ndo maana tunajenga upya, chemba mpya, tangi la kukusanyia, pampu, vitanda vya kukaushia tope. Na mtambo hauzimwi wakati tunajenga kwa sababu mji unakunywa. Ni kumshonea mtu nguo akiwa ameivaa na anatembea.

Saa 10:40 alfajiri. Naamka, chai, mkate, boda. Saa 12 kasoro nipo getini.

Saa 12 asubuhi. Makabidhiano. Kijana wa zamu ya usiku hata salamu hajamaliza, "shikamoo dada, mto umebadilika." Mvua imepiga juu milimani. Jioni maji ghafi yalikuwa NTU 60 (NTU ni kipimo cha uchafu unaoyafanya maji yawe na ukungu, namba ikipanda maji yamechafuka), alfajiri hii yanasoma 410. Maji tunayowapelekea wateja kiwango hayatakiwi kuzidi 5, na sisi wenyewe hatulali mpaka yawe chini ya 1 kabla ya klorini. Nikaingia labu nikapanga bika zangu 6, kila moja na kipimo chake cha shabu, nikawasha mashine ya kukorogea. Bika ya kwanza hamna kitu, ya pili ukungu tu, ya nne ikaanza kukatika kama maziwa yanavyokatika kwenye sufuria, vidonge vidogo vya kahawia vinashikana, vinanenepa, vinashuka polepole, na katikati maji yanabaki angavu kabisa. Nimeliona hilo mara nyingi mno na bado huwa nasimama naangalia mpaka mwisho.

Lakini shabu nyingi maana yake tope jingi, na leo ndo siku tuliyopanga kulizima tangi namba 2 kuliunganisha na laini mpya. Nikampigia injinia, tuahirishe? Fundi wa pampu ametoka Dar na Ijumaa anaondoka, mkandarasi ameshakodi winchi, wateja walishatangaziwa. Tukakubaliana tunaendelea, matangi mawili yabebe mzigo wa matatu mpaka saa 9 mchana.

Saa 2. Kikao kifupi. Kijana mmoja wa mkandarasi, ana akili sana yule, akauliza kwa nini tujihangaishe na vitanda, si tuyarudishe tu maji ya kuoshea filta pale mwanzo mtoni yanapoingilia, yasafishwe tena. Swali zuri. Yanarudishwa, ila baada ya kutuama, kidogo kidogo, mitambo mingi inajiwekea yasizidi asilimia 10 ya maji yanayoingia. Ukiyarudisha mabichi unarudisha vijidudu vyote ambavyo filta ilikuwa imevikamata, vinajirundika. Milwaukee kule Marekani mwaka 1993 watu zaidi ya 400,000 wanakadiriwa waliugua kuhara, kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu kilipita kwenye mtambo wa maji, na hicho klorini haikiui kirahisi hivyo. Nikamwambia, mdogo wangu, tope ni uchafu uliokwisha kukamatwa, na ukishamkamata mwizi huwezi kumrudishia funguo. Akacheka, lakini aliandika.

Saa 3 tukafunga tangi, tukatoa maji. Saa 4 chemba ikafunguliwa.

Hapa nataka mnielewe. Chemba ni shimo la zege, kina mita 4, chini kuna tope la miaka, limeoza, na tope lililooza linatoa gesi ya harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ikizidi pua inaacha kuisikia kabisa, mtu anadhani imeisha kumbe ndo inamuua. Kwa hiyo kwetu hashuki mtu bila kipima gesi kutangulia, kamba mwilini, na mtu wa juu ambaye kazi yake ni moja tu, kumwangalia wa chini, hapokei simu, haendi chooni. Mtu wa juu nilikuwa mimi.

Vijana wawili wakashuka kufungua bolti za flenji ya zamani, ile sahani ya chuma inayounganisha bomba na bomba. Ya kwanza, ya pili, ya tatu ikakatwa na grainda. Saa 5 na dakika kama 20 nikasikia mngurumo ndani ya ukuta. Nikavuta kamba nikapiga kelele tokeni, tokeni, wakapanda ngazi, na wa pili gamubuti lake lilikuwa bado ndani maji yalipokuja. Mengi, ya kahawia, kwa nguvu, kutoka kwenye tundu ambalo sote tulidhani limezibwa. Dakika tano chemba imejaa nusu.

Tukafungua michoro. Kwenye michoro tundu hilo halipo. Tukapiga simu juu kwenye filta, mmefanya nini? Tumeosha namba 4. Na maji ya kuoshea filta kwenye michoro yana njia yake kabisa yanaenda mferejini, chemba hii hayaijui. Kumbe yanaijua.

Sasa angalieni tulipofika. Mto umechafuka, matangi mawili yanabeba mzigo wa matatu, kwa hiyo filta zinaziba haraka zinataka kuoshwa. Ukiosha filta chemba inajaa, vijana hawawezi kushuka. Usipoosha filta maji hayapiti, mji unakauka. Na tangi tumeshalifungua, flenji imekatwa, huwezi kurudi nyuma. Tukaamua filta hazioshwi, tuvute chemba kwa pampu ndogo huku tukitafuta laini inatokea wapi. Saa 6, saa 7, geji za filta zinapanda, ninapunguza maji yanayoingia, mitaa ya mlimani ikakauka ya kwanza kama kawaida yake.

Na simu zikaanza. Namba yangu ilikuwa kwenye tangazo. Kuna dada mmoja wa saluni alinipigia mara nne, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili anasema tangazo lilisema mgandamizo utapungua halikusema maji yatakatika, ambayo ni kweli, mara ya tatu ananiambia nyie mnakaa kwenye viyoyozi mnakula hela zetu, mimi nimesimama juani, ovaroli imelowa mpaka magotini, nanuka mayai viza, na niko hapo kwa sababu yake yeye. Nilitaka kumjibu. Mara ya nne akawa analia, ana mteja amempaka dawa ya nywele, inaunguza, hana hata jagi la maji. Hasira ikaniisha palepale. Nikamwambia dada kimbia duka la jirani nunua maji ya chupa hata sita, msuuze sasa hivi, usisubiri bomba, na samahani sana. Nikakata simu, na ule mzigo sikuuweka chini siku nzima.

Aliyetutoa ni mzee mmoja, fundi mstaafu, alianza hapa akiwa kijana. Injinia alimtumia boda. Sijui ilikuwa saa 8 au saa 9, saa nilikuwa siangalii tena. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akachungulia chemba, akasikiliza, hakutaka hata kuona michoro. "Hii laini tuliiweka wenyewe tulipoongeza filta mbili za mwisho. Mfereji ulikuwa unafurika masika, tukayagawa maji. Michoro ilikuwa imeshachorwa." Akatembea na bakora yake hatua kama 30 mpaka kwenye mwarobaini, akagonga ardhi. Valvu iko hapa.

Mwarobaini wenyewe walipanda juu yake.

Tukachimba. Jembe, sururu, panga kukata mizizi, na mzizi mmoja mnene kama mkono wangu ulikuwa umeikumbatia ile valvu kabisa. Kina cha kiuno. Shina lake lilikuwa kutu tupu, kijana akataka kupiga nyundo mzee akamshika mkono, ukilikata hilo shina mwanangu usiku huu hatulali. Tukapaka dizeli, tukasubiri, tukapaka tena, tukaweka paipu renchi tukaiongezea bomba kwa mpini, robo mzunguko kwenda, nyuma kidogo, robo tena. Mzee akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anahesabu. Inchi 12, mizunguko 38, akasema, ikifika 38 imefunga, msizidishe. Mikono inapokezana, mimi nilifanya kuanzia 11 mpaka 16 na mabega yananiuma mpaka leo ninavyoandika. Ilipofika 38 ikagoma, imekaa. Nikapiga simu juu, osheni filta namba 1. Tukasimama sote pembeni ya chemba. Mngurumo haukuja. Hakuna aliyeshangilia, tulikuwa tumechoka mno, kijana mmoja alikaa tu chini kwenye udongo akafunga macho.

Kilichofuata ni kazi ya kawaida, filta zikaoshwa moja moja, maji yakapanda mlimani, flenji mpya, gasketi, bolti, mama ntilie alituletea wali maharage tukala tumesimama. Giza likaingia. Tukawasha pampu mpya ikazunguka kinyume, nyaya mbili za umeme zikabadilishwa nafasi, ikazunguka sawa.

Na tope likaja. Nilikuwa kwenye kitanda namba 1 na tochi. Bomba likakohoa hewa mara mbili tatu, halafu likatoka, zito, laini, rangi ya uji wa ulezi, likajitandaza juu ya mchanga mpya kimya kimya. Kwenye lita 100 za tope hilo 98 au 99 ni maji, yatachujika chini kupitia mchanga na kokoto, jua litafanya kazi iliyobaki, na baada ya wiki kadhaa litapasuka vipande vipande kama udongo wa jaruba kiangazi, tulizoe na koleo. Nikashika kidogo na vidole, linateleza kama bamia. Miaka yote limekuwa likienda mtoni, likaingia kwenye ndoo ya yule mama.

Halijaisha, nisiseme uongo. Maji ya kuoshea filta bado yanaenda mferejini mpaka awamu ya pili, na tangi namba 1 na 3 bado. Lakini tope zito la namba 2 halijaenda mtoni usiku ule na haliendi tena.

Kabla ya kuondoka nilirudi ofisini nikatandaza mchoro mezani. Mzee alikuwa bado yupo, anasubiri boda, akanishikia tochi maana taa ya pale imeungua. Nikachukua kalamu nyekundu nikachora laini yake, kutoka filta mpaka chemba, nikaweka valvu, nikaandika inchi 12, mizunguko 38, mita 2 na sentimita 30 kutoka shina la mwarobaini, tarehe. Akaangalia muda mrefu. Halafu akaweka kidole pembeni kidogo, upande wa tangi namba 1, akasema hapa napo kuna moja, chora.