Mabomu ya Saanane

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la sita Mwanza, na nyumbani kwetu Igogo palikuwa na redio moja iliyogombaniwa na watu wazima wawili. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za ziwani. Yeye alitaka Redio Tanzania Dar es Salaam, na taarifa ya habari ikiisha redio izimwe, betri zisiishe bure. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa Ujiji aliyehamia Mwanza kabla sijazaliwa. Yeye alisikiliza Dar kwanza, kisha akazungusha kitufe polepole mpaka aipate Radio Uganda, na mwisho kabisa BBC. Hakuhitaji mkalimani. Iddi Amin alikuwa amekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda tangu 1973, kwa hiyo matusi ya Kampala yalitufikia kwa lugha ileile tuliyoombea chumvi mezani.

Na yalikuwa matusi kweli. Novemba 1978, majeshi ya Amin yalipokwisha kuvuka na kuingia Kagera, Radio Uganda ilitangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera sasa ni la Uganda. Baadaye Amin akapendekeza yeye na Mwalimu Nyerere wapande ulingoni wapigane ngumi, Muhammad Ali awe mwamuzi. Wakati anasema hayo, watu takriban 1,500 wa vijiji vya Kagera walikuwa wameuawa, daraja la Kyaka limevunjwa, na ng'ombe zaidi ya elfu kumi wameswagwa kuvushwa mpaka. Mpaka leo nikikumbuka pendekezo lile la ngumi sioni cha kuchekesha ndani yake.

Upande wetu, kila mtoto wa shule aliyajua kwa moyo maneno ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kaka yangu mkubwa alikuwa mgambo. Aliitwa, akapelekwa kambini, na kabla ya mwaka kwisha akawa mstari wa mbele. Kutoka siku hiyo redio haikuwa tena kitu cha kupitishia jioni. Mama alikuwa akiacha kusonga ugali kila zikipigwa zile ngoma za kufungulia habari.

Siku za mwisho wa Machi zilikuja na mambo mengi kwa pamoja. Kule Moshi, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Huku Libya ikaitumia Tanzania onyo: ondoeni majeshi yenu Uganda katika muda wa saa 24, la sivyo na sisi tutaingia vitani. Mwalimu akajibu hadharani kwamba Libya ilikuwa imekwisha kuingia, na kwamba jambo hilo halibadili msimamo wetu juu ya Amin. Ilikuwa kweli. Karibu na katikati ya mwezi uleule, pale Lukaya kwenye barabara ya kwenda Kampala, JWTZ, jeshi letu, ilikuwa imepambana na Walibya uso kwa uso.

Mjomba alipolisikia lile onyo alikaa kimya muda mrefu. Halafu akamwambia baba, "Shemeji, mtu anakuamuru utoke mahali ulipo. Sisi tuko wapi?"

Baba hakumjibu. Mjomba alikuwa amegusa jambo ambalo mtaani halikusemwa kwa sauti. Tuliambiwa kuna vita viwili: Watanzania wanamtoa mvamizi kwenye ardhi yao, na Waganda wenyewe wanapigana na dikteta wao. Vijana wetu walikuwa wamefika wapi hasa, hilo redio yetu ililipita kwa haraka.

Haukupita muda, mabomu yakaanguka.

Mji ulikuwa umezoeshwa kuyangojea. Mahandaki yalikuwa yamechimbwa, na balozi wa nyumba kumi, kiongozi wetu wa mtaa, alipita jioni akigonga madirisha: "Zimeni taa! Hata sigara inaonekana kutoka juu!" Lakini mshindo ulipokuja, hakuna aliyekumbuka handaki. Mama alitukumbatia palepale, kona ya chumba. Mabati yalitetemeka. Kisha kukawa na kelele za watu, kila mmoja akiuliza limeangukia wapi: bandarini? Kwenye matangi ya mafuta? Bugando, hospitalini? Mama alikuwa akisema jina la baba tu, kwa sababu baba alikuwa zamu.

Baba alirudi mzima. Na habari haikuletwa na redio yoyote. Ililetwa na mvuvi aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa Capri Point, akihema: yameangukia Saanane.

Kwa asiyeijua Mwanza, Saanane ni kisiwa kidogo cha mawe, karibu kabisa na mji. Kilichukua jina la mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi pale kabla serikali haijakigeuza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964. Darasa letu lilikuwa limewahi kupelekwa kwa boti kuwaona simba ndani ya wavu na swala wakitembea huru kati ya mawe. Hao swala ndio waliouawa. Mfanyakazi mmoja wa kisiwani alijeruhiwa. Ndege ilikuwa ya Libya, Tupolev Tu-22, na iliyatafuta matangi ya mafuta ya Mwanza ikayakosa. Hayo yote yamekwisha kuandikwa na kujulikana. Wakati ule barazani kwetu tulikuwa na neno la mvuvi tu, na kila mtu alilipokea kwa namna yake.

Jioni watu walikusanyika kwetu kwa sababu ya redio. Mmoja alisema ni ndege ya Amin, Libya ni uongo wa kututia hofu. Mwingine akasema haikuwa ndege hata kidogo, ni mzinga wetu uliokosea na serikali haitaki kukiri. Wa tatu, mtu aliyekuwa akila kwetu kila Idi, alimgeukia mjomba mbele ya wote.

"Maalim, si ndugu zako hao? Wamekuja kuitetea dini. Tuambie, watapiga wapi tena?"

Nilimwona mama akishika mlango. Maneno yale hayakuota palepale barazani. Amin alikuwa akijinadi kuwa ni Mwislamu anayeonewa na jirani Mkristo, na Gaddafi, mtawala wa Libya, aliichukua hoja hiyo akaifanya sababu ya kupeleka askari. Propaganda iliyotengenezwa ili Waislamu wa mbali wawachukie Watanzania ilifika Igogo ikafanya kazi nyingine kabisa: ikamfanya jirani yetu Mkristo amtilie shaka mtu aliyewafundisha wanawe hesabu bila malipo. Kati ya uongo wote wa vita ile, huo ndio ninaouona mbaya kupita wote, maana haukuishia kwenye ramani wala kwenye idadi ya vifaru.

Mjomba alisimama. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mpwa wangu yuko huko na bunduki ya Tanzania. Anasali swala tano. Walibya wakimpiga risasi, itamuuliza dini? Na hao Waganda aliowachinja Amin, hamkusikia kuwa walikuwamo Waislamu? Msinipe mimi ndugu nisiowajua."

Halafu akaendelea, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa mkubwa. "Lakini na ninyi msiniambie kuwa redio moja inatosha. Dar inasema Amin mwongo, ni kweli, mwongo. Haisemi watoto wetu wako umbali gani ndani ya nchi ya watu. Kwa nini hilo nilisikie BBC?"

Balozi alikuwapo. Alisema maneno kama hayo wakati wa vita ni kumsaidia nduli Amin, na kwamba amekwisha kusikia kuwa nyumba hii inasikiliza redio ya adui. Alimtazama baba, akingoja amkanye shemeji yake.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda na nguo zake za kazi zenye grisi. Meli zetu zilikuwa zikibeba askari, na askari huongea na mafundi. Alisema, "Ndugu balozi, wako mbali. Masaka, kule Uganda, waliiteka mwezi uliopita. Niliowabeba wanasema mji ule umebomolewa, nyumba kwa nyumba, kulipiza ya Kagera. Mmoja alikuwa akilia akinieleza. Mimi nataka Amin aondoke, na mwanangu nimemtoa. Ila Maalim hajasema uongo."

Hakuna aliyejibu. Wapo walioondoka bila kuaga. Jirani yule wa Idi alibaki amekaa, na ngoma za habari zilipopigwa alisikiliza pamoja nasi mpaka mwisho. Radhi hakuomba siku ile wala siku nyingine, na mjomba hakuacha kuwafundisha wanawe.

Nimesoma mengi tangu hapo. Najua kwamba ndege zetu zilijibu kwa kupiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo. Najua Walibya wengi walioletwa walikuwa wanamgambo wasio na mafunzo ya kutosha, wakatupwa kwenye nchi wasiyoijua, wakafa kwenye matope ya Lukaya. Naamini, kama alivyoamini baba, kwamba Amin alistahili kuondolewa, na sitamvumilia anayelinganisha redio zetu mbili kana kwamba zilidanganya sawasawa. Moja iliyabariki mauaji. Nyingine ilificha hatua za jeshi lake. Lakini ilificha, na mama mwenye mwana mstari wa mbele alikuwa na haki ya kujua mwanawe yuko nchi gani.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Radio Uganda ilipotoa sauti tena, aliyesikika alikuwa David Oyite-Ojok, kamanda wa Waganda waliopigana pamoja nasi, akitangaza kwamba utawala wa Amin umepinduliwa. Mtaa mzima ulishangilia, na kituo ambacho balozi alikikataza sasa alikuja kukisikiliza kwetu mwenyewe, akakaa karibu na mjomba.

Kaka alirudi baadaye, amekonda. Mwezi wa Julai, viongozi wa Afrika walipokutana Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya jirani. Baba alikasirika: walikuwa wapi Kagera ilipochomwa? Mjomba akasema hata hivyo swali lao lina haki ya kujibiwa. Walianza upya palepale, na kaka, ambaye ndiye aliyekuwa huko, aliwasikiliza kidogo, akaniomba nimletee maji ya kuoga.