Siku moja maishani mwangu: cherehani, somo na vilua 11

Saa 11 alfajiri
Wengine wakiamka wanashika simu. Mimi naishika pia, lakini kwa ajili ya tochi tu. Natoka uani, hapa Temeke, kuhesabu vilua, maua ya mkilua wangu. Leo viko 11. Kabla moshi wa majiko ya jirani haujaanza, harufu yake unaipata tangu mlangoni.

Vitatu kati ya hivyo vina uzi mwekundu kwenye kikonyo. Ndiyo sheria yangu: chenye uzi hakichumwi, ni cha mbegu. Ukichuma kila kilua kinachofunguka, mti wenyewe hautakulaumu, ila utakaa bila tunda hata moja. Nadhani ndivyo nyua nyingi zilivyobaki bila mkilua. Maua yaliishia kwenye nywele na mito, mti ukafa kwa uzee, na hakuna aliyekuwa na mbegu.

Nimemwagia ndoo moja shinani. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji, kwa hiyo nimezungushia samadi iliyooza na majani makavu ya mwembe. Huo mwembe ndio mwavuli wake. Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani yetu na ya Kenya, umezoea kuishi chini ya miti mikubwa, na jua kali la mchana likiupiga mfululizo majani yanaanza kuungua pembeni.

Saa 1 asubuhi
Chai, maandazi, watoto shule. Mavyaa, mama wa mume wangu, nimempa uji wake barazani.

Saa 2 na nusu
Cherehani. Nina madera manne ya sare na gauni moja la satini linaloniteleza kama kambale. Nilipofika kwenye zipu, luku ikaisha, umeme ukakatika. Kosa langu, jana nilisema nitanunua kesho.

Saa 4
Hodi ya somo, kungwi wa bibi harusi wa mtaa wa pili. Nimemwamkia, nikamwekea kiti.
"Mwanangu, kesho tunamsugua bibi harusi singo. Nataka vilua vya kishada chake cha kikuba. Rehani ninazo, asumini nimeagiza. Nipe vyote ulivyonavyo."
"Vyote haviwezekani, bibi. Nitakupa vinane."
"Na vile vya uzi?"
"Vile ni mbegu."

Akacheka, akasema wakati wao hakuna aliyewekea ua ulinzi. Kisha akauangalia mti vizuri, akaniambia alidhani ni mlangilangi. Wengi wanachanganya, na si ajabu: zote mbili ni jamaa ya mstafeli na mtopetope. Lakini mlangilangi ni mgeni kutoka Asia, ukiuachia unapanda juu kama mnazi, na ua lake lina petali ndefu nyembamba zilizosokotana. Kilua ni kidogo, petali zake zimenenepa, na harufu yake imekaa kitunda zaidi. Kimoja tu ukikifunga kwenye pindo la kanga, kutwa nzima unanukia.

Nikamwambia na hili, maana huwa linanifurahisha: mwaka 1970 mtaalamu wa mimea wa bustani za Kew, Uingereza, Bernard Verdcourt, alipouandika mti huu kisayansi hakuhangaika kuitafutia jenasi, yaani ukoo wake mdogo, jina la Kilatini. Aliiita Mkilua, hivyohivyo. Jina kamili ni Mkilua fragrans, hilo la pili maana yake "wenye kunukia". Na jenasi nzima ina aina hiyo moja tu.
"Kwa hiyo Wazungu nao wanasema mkilua?"
"Wanasema, bibi."
"Basi wafundishwe na kutengeneza kikuba."

Saa 7 mchana
Wali, mchicha, dagaa. Luku imeingia.

Saa 9 alasiri
Nimekagua kopo la mbegu. Mti huu mmoja ulitoka kwa marehemu bibi yangu Pangani: alinipa mbegu tisa, zikaota tatu, baada ya zaidi ya miezi miwili, wakati nimeshaanza kutumia kopo lile kutupia majani ya chai. Ukabaki mmoja. Umechanua mwaka wa nne. Vipandikizi nimejaribu mara tatu, vyote vimeoza shina likawa jeusi kama limechovywa kwenye wino. Siku hizi mbegu siziweki hata siku mbili. Tunda likiiva naosha, nazika palepale kwenye mchanga na samadi, kivulini, nafunika kwa gunia bichi. Leo hakuna kilichochomoza. Nimelirudisha gunia.

Kwenye kilua kimoja cha uzi nimekuta vibawakawa vidogo vimejichimbia katikati ya petali. Sikuvigusa. Kama ndivyo vinavyonibebea chavua, nyumba ni yao.

Saa 11 jioni
Somo amemtuma mjukuu na kikombe cha bati. Nimechuma vinane, nikavilaza juu ya kitambaa kibichi ili visinyauke. Hela ya vilua imelipia luku na chenji ikabaki.

Saa 3 usiku
Gauni la satini limeisha, kwa shida. Kabla ya kulala nimetoka na tochi. Nyuzi ni mbili.

Nimezunguka mti mzima, nikaangalia chini, nikawaza paka, nikawaza yule mjukuu, Mungu anisamehe. Nikaingia ndani. Chumbani kwa mavyaa harufu imejaa mpaka kwenye chandarua. Kilua kiko kwenye mto, karibu na sikio lake, na uzi wake mwekundu bado umefungwa.

"Mama, hiki si cha mbegu?"

Akafumbua jicho moja. "Nilikiona kina uzi, nikajua umeniwekea."