Agosti ya CHAN na wifi yangu

Jumapili, 31 Agosti 2025

Nyumbani kwetu mume ni Yanga, mke ni Simba, na ndoa imesalimika kwa sababu siku ya dabi kila mtu anaangalia kwake. Yeye anakwenda kwa washkaji zake, mimi nabaki sebuleni, tunasalimiana asubuhi. Sasa CHAN, mashindano ya timu za taifa za Afrika, ilipokuja hapa Dar ikabidi tukae benchi moja na kushangilia timu moja, jambo ambalo hatuna mazoezi nalo.

Siku ya ufunguzi, tarehe 2, Taifa Stars walicheza na Burkina Faso kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa. Bao la kwanza lilikuwa penalti ya Abdul Suleiman 'Sopu', na kwa kuwa Sopu alikuwa wa Azam, si Simba wala Yanga, tulishangilia wote bila masharti. La pili akafunga Mohamed Hussein 'Tshabalala'. Hapo pakawa na mtihani. Tshabalala alikuwa nahodha wangu, na ni katika dirisha hilihili la usajili ameondoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga. Niruke au nisiruke? Mume wangu alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni, anasubiri. Niliruka. Akaniambia, "Asante kwa kutuunga mkono." Sikumjibu.

Wapo wanaoiita CHAN mashindano ya daraja la pili, kwa kuwa inaruhusu wachezaji wa ligi za ndani tu. Ukicheza nje ya nchi yako, hata ukiwa nahodha wa taifa, hii haikuhusu. Mimi naona utamu wake uko hapohapo. Kikosi kizima unakijua. Hawa ni watu uliowazomea tangu msimu uanze, unajua nani anakaba kwa macho na nani akipewa mpira mguu wa kushoto anaupaisha. Kombe la Dunia linakuletea mastaa. Hili linakuletea vijana wa ligi yako, na ghafla inabidi uwaombee dua.

Dada wa mume wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa shughuli zake za hospitali, akakaa kwetu karibu mwezi wote. Wifi yangu huyu ni mtu wa taarabu na tamthilia. Mpira kwake ulikuwa kelele zinazochelewesha chakula cha usiku. Mechi ya Mauritania ilipofika kifurushi cha king'amuzi kilikuwa kimekwisha, tukamburuta hadi kibanda umiza cha mtaa wa pili.

Kama hujawahi kuingia kibanda umiza: mabati juu, mabati pembeni, mabenchi ya mbao yaliyopigiliwa haraka, feni moja inayowapepea wa mbele tu, na televisheni imefungiwa kwenye kizimba cha nondo kama mshtakiwa. Unalipa mlangoni, unabanana. Wanawake tulikuwa wachache. Benchi la mbele lina mwenyewe, baba mmoja wa makamo anayeitwa Kocha, ambaye kwa ninavyojua hajawahi kufundisha hata timu ya chandimu. Kocha hutoa hukumu kabla ya refa.

Wifi akaanza kuuliza. Kwa nini yule wa pembeni kanyanyua bendera? Kwa nini goli limekataliwa na wavu umetikisika? Mbele wakacheka. Kocha akageuka akasema mpira si kitchen party. Wifi akanyamaza, nami nikakasirika kwa niaba yake, maana najua kwa hakika kwamba nusu ya wanaume wanaopiga kelele "kaoteaaa!" mle ndani ukiwabana wakueleze kuotea ni nini, wataanza kupaka paka maneno.

Mapumziko niliagiza soda nikazipanga kwenye benchi. Hii Fanta ni kipa wao. Hii Mirinda ni beki wao wa mwisho. Hii Koka ni straika wetu, na kifuniko hiki ndio mpira. Mwenzake anapotoa pasi, ganda hapohapo, usiangalie anapoupokea. Kama Koka yuko nusu ya uwanja wa wapinzani, kaupita mpira, na kati yake na mstari wa goli kabaki mpinzani mmoja tu, basi kaotea. Huyo mmoja kwa kawaida ndiye kipa, ndiyo maana watu wanasema "kampita beki wa mwisho", lakini sheria haisemi kipa, inasema mpinzani wa pili kutoka mwisho. Akiwa naye sambamba, halali. Na kusimama tu pale si kosa. Kosa ni kuucheza mpira, au kumsumbua mpinzani, au kufaidika na nafasi ile.

"Na zamani ilikuwa hivi hivi?" wifi akauliza. Swali zuri. Nikamwambia hadi mwaka 1925 walitakiwa wapinzani watatu, magoli yakawa adimu, wakapunguza wawe wawili. Mabeki wakalia sana mwaka ule.

Kisha nikamwongezea kitu ambacho hata Kocha huwa hakikumbuki: kona haina kuotea, goli kiki haina kuotea, mpira wa kurusha hauna kuotea. Akavirudia mara mbili kwa sauti ndogo, halafu akaimaliza ile Koka.

Mechi ile tulishinda 1-0, na Shomari Kapombe alifunga dakika ya 89. Nataka nieleze tulivyolipokea bao hilo, kwa sababu anayeangalia nyumbani kwake peke yake hajui adha hii. Picha ya kibanda chetu inachelewa. Sekunde chache tu, lakini baa ya ng'ambo ya barabara iko mbele yetu, na wenye redio wako mbele ya wote. Kwa hiyo sisi tukiwa tunaona mpira bado uko kwa viungo, baa ikalipuka. Kibanda kizima kikasimama, mikono kichwani, tunaitazama televisheni ituletee jambo ambalo tayari limetokea. Wifi kanishika mkono kwa nguvu. "Nini? Nini?" Nikamwambia tulia, linakuja. Likaja. Kocha akapiga yowe, "Dakika za lala salamaaa!" na wifi akalibeba neno hilo kama zawadi. Usiku ule sufuria ya wali ikiwa karibu kukauka aliniambia, "Wifi, njoo, tuko lala salama."

Mimi mwenyewe maneno haya sikuyapata uwanjani. Niliyapata kwenye redio ya baba, enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, wakati marehemu Charles Hilary akiwa mmoja wa sauti za mpira kabla dunia haijamsikia BBC. Nilijua kona, adhabu, goli kiki, krosi, na winga wa kulia kabla sijaona uwanja wenye nyasi. Nilikuwa na picha yangu kichwani ya "eneo la hatari", kwenye giza na miiba, na nilipoliona kwa macho, boksi tu la chokaa nyeupe, niliona wamenipunja. Mtangazaji wa redio alikuwa halazimiki kukwambia ukweli wote. Shuti lililotoka nje mita kumi lilikuwa "limepita sentimita chache juu ya mtambaa panya". Televisheni imetuharibia hilo.

Tarehe 9 Madagascar walipigwa 2-1, yote mawili ya Clement Mzize, yaani Yanga, na nyumbani hapakukalika. Sebule nzima ni Mzize, jikoni ni Mzize. Ushindi wa tatu, robo fainali mkononi, na mechi ya nne na Jamhuri ya Afrika ya Kati ikaisha 0-0. Wifi akasema tumetoka sare. Kijana mmoja nyuma yetu akamsahihisha: sare ni ya magoli, hii ni suluhu. Alisema kwa adabu, akamwita shangazi. Nimeona tofauti kubwa kati ya kusahihishwa hivyo na kuchekwa, na wifi aliiona pia, maana tangu siku hiyo kila matokeo ya redioni anayapanga: hii sare, hii suluhu.

Ila siku yake kubwa haikuwa kibandani. Ilikuwa kwenye ndondo ya mtaani, jioni moja, kiwanja cha shule, vumbi mpaka kwenye meno. Beki wa timu ya bodaboda akarusha mpira mrefu kutoka pembeni, ukamkuta straika wao nyuma ya mabeki wote, peke yake na kipa. Akafunga. Upande wa pili wote ukavamia refa: kaotea, kaotea huyo! Refa, kijana mdogo na filimbi ya kuazima, akaanza kutetereka. Wifi kajitanda khanga yake, kasimama kando ya mstari, akapaza sauti ile ya kuitia watoto magharibi: "Mpira wa kurusha hauna kuotea!" Watu wakageuka. Akarudia, sasa na kidole. Refa akaonyesha kati. Sijui kama aliamini sheria au aliogopa kidole.

Tukirudi kwenye CHAN, kuna jambo la Wakenya ambalo sijawasamehe. Tarehe 10 walikuwa wanacheza na Morocco pale Kasarani, Nairobi. Kibanda kizima tulikuwa Harambee Stars, majirani zetu, wenyeji wenzetu. Ryan Ogam akafunga, halafu kabla ya mapumziko mwenzao akala umeme, yaani kadi nyekundu, wakabaki kumi, na bado wakalinda bao lile hadi mwisho. Tulishangilia kama yetu. Baadaye, wakati watu wanatoka, yule kijana wa suluhu akawa anahesabu kwa vidole: Kenya wakiongoza kundi A, Morocco wanakuwa wa pili. Wa pili wa kundi A anakuja kwa kinara wa kundi B. Kinara wa kundi B ni nani? Kimya. Ni sisi. Tulikuwa tumemshangilia mtu anayetusukumia mzigo mlangoni. "Jirani katupiga tobo," mtu akasema, na ndivyo ilivyokuwa: hesabu za mwisho Kenya pointi 10, Morocco 9, nao wakapanda ndege kuja Dar.

Ijumaa ya tarehe 22 sina hamu ya kuirefusha. Tuna usemi wetu kwamba kwa Mkapa hatoki mtu. Morocco walitoka, na ushindi wa 1-0, bao la Oussama Lamlioui kipindi cha pili. Kilichobaki ilikuwa butua butua, kila mpira unarushwa mbele kwa Mzize kama barua isiyo na anwani. Kenya nao siku hiyohiyo walikwama kwa Madagascar, 1-1, kisha wakatolewa kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, 4-3. Kesho yake Uganda wakafungwa na Senegal. Wenyeji wote watatu nje, hatua moja, siku mbili. Tulitandika meza, wageni wakala.

Matuta yale ya Nairobi yalimpa wifi maswali mapya, naye sasa alikuwa haulizi kwa kunong'ona. Je, anayefunga tuta anahesabiwa goli lake? Hapana, mechi inaandikwa sare, matuta ni ya kuamua nani anaendelea tu. Na kipa akiutema mpira, mpigaji anaweza kuumalizia? Kwenye penalti ya ndani ya mchezo ndiyo, mradi umeguswa na kipa. Kwenye matuta, ukishatemwa umekwisha. Kocha alikuwa anasikiliza. Alikohoa, akasogea kidogo kwenye benchi la mbele, akasema kama hatuoni vizuri huko nyuma kuna nafasi hapa. Wifi akamjibu kwamba huku nyuma feni haifiki lakini na kelele zake hazifiki.

Wiki hii amerudi Tanga. Jana fainali ilipoisha, Morocco 3, Madagascar 2, simu yangu iliita kabla hata ya kupewa medali. Alitaka kuzungumzia bao la tatu, lile la Lamlioui kutoka mbali kipa akiwa ametoka golini. Mimi nikasema ni bao la kideo. Wifi akasema hapana, kipa ndiye wa kulaumiwa, anafanya nini huko mbele wakati timu yake haina mpira? Tulibishana hadi salio lake likakata, nikampigia mimi. Nikamwambia kwamba huyo Lamlioui amemaliza na mabao sita na ndiye mfungaji bora, kwa hiyo makipa wengine nao walikuwa na matatizo yaleyale. Hilo hakulikubali pia.

Halafu akauliza Desemba, kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Morocco, tumepangwa na nani. Nigeria, Tunisia, Uganda. Akafikiri kidogo. Nikasikia mumewe kwa nyuma anauliza chakula.

"Uganda tunawafunga," akasema. "Tunisia tutafute sare. Nigeria tupaki basi, wote turudi nyuma kulinda."

Nikamuuliza kupaki basi kamfundisha nani. Akasema kuna kibanda karibu na soko, na keshaonyeshwa benchi lake.