Yazoo kwenye kaseti ya mjomba

Kaseti ya marehemu mjomba, ambayo maandishi yake yalifutika zamani kwa vumbi la Kirumba, Mwanza, ndiyo iliyonijulisha Yazoo, kundi la muziki la watu wawili tu kutoka Basildon, Uingereza: Vince Clarke, aliyejitoa kwenye bendi ya Depeche Mode mwaka 1981, na Alison Moyet, mwenye sauti nzito ya bluzi. Wimbo wao wa kwanza, “Only You”, ulifika nafasi ya 2 kwenye chati za nchini mwao mwaka 1982. Kinachonivutia hadi leo ni jinsi vinanda vya umeme, vikavu kama mlio wa injini ya mtumbwi unaorudi alfajiri na dagaa, vinavyoiachia sauti ya Moyet nafasi yote. Albamu ya pili iliongoza chati mwaka 1983, ilhali wenyewe walikuwa wameshatengana. Walirudi jukwaani mwaka 2008, jambo ambalo mjomba hakuwahi kulijua.