Kukaa Bure Pale Jiwe la Bismarck

Mgeni akija Mwanza anapelekwa Jiwe la Bismarck, yale mawe yaliyopandana majini Ziwa Victoria, anapiga picha mbili tatu, anarudi kwenye gari. Mimi napapenda pale kwa sababu nyingine kabisa: naweza kukaa bila kuagiza kitu. Mjini kwetu ukitaka upepo wa ziwa na kiti, agiza soda, na ukiinywa polepole sana mhudumu anaanza kukufutia meza. Pale kando ya gati la Kamanga nakaa chini ya mti hata mfukoni nikiwa na nauli tu.

Nashona nguo. Siku ya sare za shule macho yananiuma, basi jioni nateremka nikaangalie mbali kidogo. Muuza kahawa anapita na kashata zake. Makorongo wenye vipara wanatembea kama wazee wa baraza waliokosana. Mzee mmoja hunisalimia "Mwadila, mayu", tukishamaliza salamu hatuna la ziada, na hakuna anayeona vibaya. Miguu tu sitii majini; kichocho cha ziwa hili nakijua.

Watoto huuliza nani aliyelipandisha lile jiwe la juu. Hakuna. Ni graniti ya zamani mno; udongo na sehemu laini zilizolizunguka ndizo zilizoliwa na maji na hali ya hewa, likabaki limekaa vile. Jina ndilo linalonikera. Bismarck alikuwa Chansela wa Ujerumani, hajawahi kukanyaga huku, na Wajerumani walipoweka kituo chao Mwanza mwaka 1892 alikuwa ameshaondoka madarakani miaka miwili nyuma. Afadhali Kisiwa cha Saanane, hapo jirani tu, chenye jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akivua na kulima humo. Kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kina swala na pimbi, lakini huko kuna boti na kiingilio. Hiyo ni safari ya kupanga. Mimi nasema mahali pa kwenda na ndala.

Kivuko kikifika ndipo panachangamka. Wanashuka watu wa Sengerema na magunia, kuku wamefungwa miguu, bodaboda wanagombania abiria kabla hawajamaliza kutoka getini. Shangazi yangu huja na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mwanzoni alikuwa akinikuta nimekaa ananisema: "Vijana wa mjini, jua lote hili mmekaa tu?" Safari moja kivuko chake kiliwahi, mimi nikachelewa na kazi ya mteja. Nilimkuta chini ya mti wangu, viatu amevua, kikombe cha kahawa mkononi, anamsimulia yule mzee habari za mvua za kwao. Nikamwambia bajaji inasubiri.

"Mwambie aende," akasema. "Tutapata nyingine."