Ilikuwa Nzuri?

Tangu Jumamosi kuna chupa ya jemu kwenye dirisha la jikoni ambayo haiguswi. Ndani mna maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba, bluu ya kutisha, na uzi wa kushonea umening'inia kwenye kijiti cha mshikaki. Ni kazi ya shule, Gredi ya 8, ya kuotesha fuwele, yaani punje ambayo chembe zake zimejipanga kwa safu, na kama kawaida kazi ya mtoto imeishia kuwa ya mama. Mimi ndiye niliyeenda agroveti kule Ngara, mimi ndiye niliyechemsha maji, na mimi ndiye ninayemfokea kila anayefunga friji kwa kishindo. Baba yake ameshaanza kunyata akienda kuchukua maziwa.

Juzi nilimwambia binti kwamba fuwele ya kwanza kabisa duniani kupigwa eksirei na kutoa picha ya madoa, mwaka 1912 kule Munich, ilikuwa ya mrututu kama huu wake. Nilidhani atashangaa. Akaniuliza, "Na yako ya kwanza, Mama, ilikuwa ya rangi gani?"

Kijani, nikasema, nikaendelea kukata sukuma. Sikumwambia kwamba niliishi nayo dakika chache tu.

Ilikuwa Agosti 2009, ule mwaka wa ukame na mgao wa stima, nami niko chuoni nahangaikia tasnifu yangu ya kemia. Siku za kukatiwa, wenzangu waliotegemea mashine walikaa kwenye ngazi wakinywa chai na kulaani. Mimi nilikuwa naringa. Fuwele haitaki stima, inataka kuachwa.

Wale tuliosoma pamoja mnaukumbuka ubishi wenyewe: ile atomu ya shaba iliyo katikati ya kemikali yangu imeshikwa na mikono mingapi, yaani imeungana na majirani wangapi? Tangu mkemia Alfred Werner aliposema mwaka 1893 kwamba metali huzungukwa na majirani wa idadi maalumu, kila mmoja na mahali pake, sisi wa kazi hii hatujaacha kuhesabu. Profesa alisema minne, bapa kama sahani. Mimi nilisema mitano, kwamba kuna molekuli ya maji imejipenyeza kwa juu. Vipimo tulivyokuwa navyo vilijibu kama shahidi aliyelipwa na pande zote mbili. Fuwele moja tu, ya ukubwa wa punje ya chumvi, ingemaliza maneno, maana ukiipiga eksirei unajua kila atomu imekaa wapi. Mashine hatukuwa nayo. Kulikuwa na mtu Cape Town aliyekubali kutupimia, na mwenzetu mmoja alikuwa anasafiri wiki iliyofuata.

Kilichokosekana ni hiyo punje. Miezi saba nilivuna unga, utomvu, na sindano nyembamba kuliko kope. Njia yenyewe ni ya kipuuzi ukiielezea: kemikali yako iko kwenye kichupa kidogo, imeyeyushwa katika dikloromethani, kimiminika kinachoivuta vizuri, kichupa kinakaa wazi ndani ya chupa kubwa yenye etha, kimiminika kingine kisichoiyeyusha, unafunga kubwa, unaondoka. Mvuke wa etha unaingia kidogo kidogo, na kemikali inajikuta haina tena pa kuyeyukia. Ikifukuzwa haraka inatoka unga. Ikisihiwa polepole inajipanga.

Ile asubuhi niliinua chupa kuelekea dirishani, nikaona kitu kinametameta chini.

Nilikuwa peke yangu na mzee wa stoo, aliyekuja kuhesabu bika. Nilivuta ile punje kwa pipeti, nikaidondosha kwenye kioo pamoja na tone la maji yake, yaani ile dikloromethani iliyoota ndani yake, nikaiweka chini ya hadubini. Stima hakuna, kwa hiyo nilitumia kile kioo cha kurudisha mwanga wa jua. Mungu wangu. Kijani ya chupa ya soda, pande zimenyooka kama zimekatwa kwa rula, hakuna ufa, hakuna mwenzake aliyembandika ubavuni. Kuna jaribio tunalofanya: unaweka vichujio viwili vya mwanga, kimoja chini na kimoja juu, kisha unaizungusha. Ikiwa ni fuwele mbili zilizoungana, upande mmoja unazima na mwingine unabaki umewaka. Ikiwa ni moja safi, inazima yote kwa mpigo.

Nikazungusha. Ikazima yote, kama mtaa wa Umoja ukikatiwa stima. Nikazungusha tena, ikawaka yote.

Nadhani nilicheka kwa sauti, kwa sababu mzee aliniuliza kama niko sawa.

Kitu cha kufanya nilikijua. Nilishafundishwa na nilishawafundisha wengine: ama uirudishe kwenye maji yake na ufunge, ama uizamishe kwenye tone la mafuta mazito, ikae humo hadi ifike kwenye mashine. Mafuta yalikuwa rafu ya pili, mkono wa kushoto. Lakini nilimsikia Profesa akishuka ngazi kwenda mkutanoni, na miezi saba ya kuambiwa "jaribu tena" ilinipanda kichwani. Nilikimbia mlangoni. "Prof, njoo uone! Dakika moja tu!"

Alikuja. Njiani simu yake ikalia. Akasimama kwenye korido, akaongea, akacheka, akaongea tena. Mimi nimeshika mlango, namtazama yeye badala ya kutazama kioo.

Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 tu. Hata baridi ya Agosti haiizuii kuondoka. Na ile fuwele, nilikuja kuelewa, ilikuwa imejijenga huku imebana molekuli za dikloromethani katikati, zikiwa ndizo mihimili. Tone lilipokauka, mihimili nayo ikaaga. Niliporudi kwenye lenzi niliona wingu likianza kwenye kona moja. Likatambaa. Pande zikabaki zimenyooka kwa muda, umbo lile lile kabisa, lakini kijani imefifia kama mboga iliyolala, halafu katikati pakapasuka, na kupasuka kukazaa kupasuka.

Profesa aliinama, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akainua kichwa.

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, Prof."

Akanigusa bega, akaenda mkutanoni. Mzee wa stoo naye akaja kuchungulia, ingawa sijui aliona nini. "Mwanangu," akasema, "samaki umemtoa majini, halafu unamwita mtu aje kumwona anavyoogelea."

Yaliyobaki hayana hadithi. Niliuyeyusha upya ule unga, rangi ikarudi, umbo halikurudi. Mwenzetu akasafiri bila kitu changu mkobani. Oktoba ikatangazwa kwamba Ada Yonath ni mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya kemia, kwa muundo wa ribosomu, kile kiwanda cha protini ndani ya seli, baada ya miaka kama 20 ya kuzihangaikia fuwele ambazo wengi waliamini hazitapatikana. Watu walinitumia habari hiyo kunitia moyo. Nilihesabu miezi yangu saba, nikaona aibu, nikaona pia kwamba ada ya chuo hainipi miaka 20. Tasnifu yangu inasema shaba ile "inadhaniwa" kuwa na mikono mitano. Mpaka leo inadhaniwa. Profesa alistaafu akisema minne.

Usiku huu niliamka kunywa maji. Nyumba kimya. Niliwasha tochi ya simu, nikaisogeza karibu na chupa, na kweli kwenye uzi palikuwa na kitu, kama punje ya mchele, bluu, na upande mmoja uling'aa. Nikataka kuona upande wa pili. Nilikiinua kijiti kidogo tu, kwa kidole kimoja.

Asubuhi binti akasimama mbele ya dirisha, mikono kiunoni. "Nani ameigusa?" Punje ilikuwa imelala chini ya chupa.

Baba yake akanitazama. Nikasema ni friji.